Uandishi wa habari mkoani Mtwara

Uandishi wa habari ni kazi ya kukusanya taarifa za matukio na masuala yanayowahusu watu, kuzihakiki, kuziandika au kuzirekodi, na kuzitoa kwa umma kupitia gazeti, redio, televisheni au intaneti. Habari si tukio lenyewe, bali ni maelezo ya tukio yaliyopita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia msomaji. Katika Mkoa wa Mtwara, ulio kusini mashariki mwa Tanzania kwenye mpaka wa Msumbiji, njia hiyo ni ndefu: magazeti mengi ya nchi yana makao Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara.

Hatua za kutayarisha habari

Hatua ya kwanza ni kupata wazo. Wazo hutokana na kikao cha halmashauri, taarifa ya polisi, mnada wa korosho au simu ya mwananchi. Ya pili ni kukusanya maelezo yanayojibu maswali sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Ya tatu ni kuhakiki, yaani kulinganisha chanzo kimoja na kingine. Kwa mfano, bei inayotangazwa mnadani si fedha yote anayopokea mkulima, kwa kuwa makato hutolewa kwanza. Mwandishi anayezungumza na kiongozi wa ushirika peke yake huandika nusu ya habari.

Hatua ya nne ni uhariri. Mhariri huchagua habari za kutoka, hufupisha, husahihisha na kwa kawaida ndiye anayeweka kichwa cha habari. Kwa hiyo mwandishi aliyefika kwenye tukio mara nyingi siye aliyeandika maneno yanayosomwa kwanza.

Waandishi na vyombo

Magazeti ya Dar es Salaam hutegemea wawakilishi wa mikoani. Wengi wao ni waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa habari iliyochapishwa. Safari ya kwenda Msimbati au vijiji vya bonde la mto Ruvuma inahitaji nauli. Habari isipotoka, gharama hubaki kwa mwandishi. Ndiyo sababu mikutano ya viongozi mjini huandikwa kwa urahisi kuliko maisha ya vijijini. Redio za mkoani, kama Safari FM na Pride FM, husaidia kuziba pengo hilo.

Habari za gesi, 2012–2013

Gesi asilia ya Ghuba ya Mnazi, karibu na maingilio ya mto Ruvuma, iligunduliwa mwaka 1982. Serikali ilipoamua kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, maelfu ya wananchi waliandamana mjini Mtwara tarehe 27 Desemba 2012. Kaulimbiu yao ilikuwa "Gesi haitoki".

Maneno hayo mawili yalifaa kwa kichwa cha habari, lakini hayakubeba hoja nzima. Waandamanaji walitaka viwanda na ajira vitangulie mkoani mwao. Serikali ilieleza kwamba gesi ni mali ya taifa zima. Msomaji aliyepata upande mmoja tu aliweza kudhani kwamba watu wa Mtwara wanakataa maendeleo, au kwamba serikali haina sababu yoyote.

Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni Dodoma, ghasia zilizuka Mtwara. Watu walipoteza maisha, na nyumba ya mwandishi wa shirika la utangazaji la taifa ilikuwa miongoni mwa zilizochomwa moto. Wananchi wasipoona hoja yao ndani ya habari, hasira huweza kumwangukia mwandishi wanayemfahamu, ingawa si yeye anayeamua yote yanayotangazwa. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015.

Habari za tahadhari

Mwezi Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari ya kimbunga Kenneth, na wakazi wa Mtwara walitakiwa kuchukua hadhari. Tarehe 25 Aprili kimbunga kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Habari ya tahadhari haiwi ya uongo kwa sababu hatari imepita pembeni. Wajibu wa mwandishi ni kutaja nani ametabiri, lini, na kwa uhakika kiasi gani.

Sheria na maadili

Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa maoni na haki ya kupewa taarifa. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inasimamia taaluma hiyo pamoja na ithibati ya waandishi. Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, hupokea malalamiko ya wanaoona wameandikwa vibaya. Maadili ya msingi ni ukweli, kusikiliza pande zote, kulinda vyanzo vya habari na kusahihisha makosa hadharani.