Pete zilizofungamana ndani ya kimelea cha nagana

KWA mfugaji wa Miasenyi, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi kabla ya kufika Voi, ng'ombe anayekonda ilhali malisho yapo humtia hofu ya nagana. Mbuga ya Tsavo Mashariki iko jirani, na humo nyati, ngiri na tandala hubeba vimelea vya maradhi hayo bila kuonekana kuugua. Mbung'o ndiye huvihamishia kwa mifugo. Ng'ombe hupungukiwa na damu, maziwa hukauka, mimba huharibika na asipotibiwa aghalabu hufa.

Kimelea chenyewe, tripanosoma, ni chembe hai moja tu. Ndani yake mna bonge la DNA liitwalo kinetoplasti, ambalo ni maelfu ya pete ndogo na makumi ya pete kubwa zilizopitishwa moja ndani ya nyingine. Mwaka wa 1995, wanasayansi wa Marekani walichunguza kinetoplasti ya Crithidia fasciculata, kimelea cha wadudu kilicho jamaa ya tripanosoma. Walikuta kwamba kila pete ndogo, kati ya zipatazo 5,000, imeshikana kwa wastani na jirani zake tatu, mithili ya vazi la vita la pete za chuma walilovaa askari wa kale.

Ajabu ni kwamba atomu za pete moja hazikuungana kikemia na za pete ya pili. Kinachozishika ni umbo peke yake, kama pingili za mnyororo wa lango: hazitengani mpaka moja ikatwe.

Wanakemia huita molekuli za namna hii katenani, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Mwaka wa 1960, Edel Wasserman wa maabara za Bell nchini Marekani alitengeneza ya kwanza kwa kutegemea bahati, yaani uzi wa molekuli ujifunge kuwa pete wakati umepenya ndani ya pete nyingine. Alipata kiasi kidogo mno. Mwaka wa 1983 Jean-Pierre Sauvage na wenzake huko Strasbourg, Ufaransa, walitumia ioni ya shaba kuvishika vipande viwili vikiwa vimepishana, wakavifunga, kisha wakaiondoa shaba. Kazi hiyo ilichangia Sauvage kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 2016, pamoja na Fraser Stoddart na Ben Feringa.

Tripanosoma haingojei bahati. Vimeng'enya vyake viitwavyo topoisomerasi hukata pete, huipitisha nyingine penye mwanya na kuufunga tena. Kabla ya kimelea kugawanyika, pete ndogo huchomolewa kwenye wavu, hunakiliwa, kisha nakala hupachikwa pembezoni.

Hapo ndipo dawa za zamani za nagana hupiga. Homidiamu hujipenyeza katikati ya ngazi za DNA; isometamidiamu hurundikana kwenye kinetoplasti; diminazini nayo hung'ang'ania DNA hiyo hiyo. Unakili huvurugika, na kwa kawaida kimelea kisicho na wavu huo hakiishi.

Kwa kawaida, si daima. Tripanosoma evansi, anayeua ngamia, amepoteza sehemu ya pete hizo na bado anaishi, ingawa hawezi tena kukua ndani ya mbung'o na huenezwa na nzi wengine wanaouma. Mwaka wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walionyesha katika maabara kwamba badiliko moja la kijenetiki linalokiwezesha kimelea kuishi bila kinetoplasti hukipa pia ukinzani dhidi ya baadhi ya dawa hizo.

Usugu huchochewa pia na dozi pungufu, mathalani mfugaji anapoongeza maji ili pakiti moja itoshe ng'ombe wengi. Na kubadilisha jina la dawa pekee hakusaidii. Homidiamu na isometamidiamu ni za ukoo mmoja wa kikemia, hivyo kimelea kilichozoea moja mara nyingi huihimili nyingine. Diminazini ni ya ukoo tofauti, na ndiyo sababu madaktari wa mifugo huipokezanisha na isometamidiamu.