Balbu ya LED na Orodha ya Wajerumani

Mwaka 2020 balbu ya LED ya kampuni ya Osram, iliyotengenezwa kuchukua nafasi ya balbu ya halojeni aina ya H7, ilipata kibali cha KBA, mamlaka ya magari ya Ujerumani. Ilikuwa ya kwanza kuruhusiwa nchini humo, na kibali chake kilikuja na orodha ya magari. Mwenye gari lililomo ataifunga kwa amani. Jirani yake ambaye gari lake halimo, akifunga balbu hiyo hiyo, gari linaweza kupoteza uhalali wa kuwa barabarani.

Wapo wanaouona huu kuwa urasimu mtupu. Mimi naona ndiyo njia ya haki, na sababu imo ndani ya taa yenyewe.

Balbu ya H7 ina uzi wa milimita 4 hivi, unaomwaga mwanga pande zote. Kioo cha kuakisi kimechongwa kwa hesabu inayotaka uzi huo ukae pale pale ulipo. Hapo ndipo unapatikana ule mpaka wa mwanga: chini yake barabara inaonekana, juu yake giza, ili anayekuja mbele asipofuke. Chanzo cha mwanga kikisogea kidogo tu, au kikibadilika umbo, mpaka unavurugika. LED haina uzi. Ina vipande vidogo vilivyobandikwa pande mbili za bamba jembamba. Kioo cha gari hili kinaweza kuvipokea kama uzi, na cha gari lile kikaurusha mwanga machoni mwa watu. Huwezi kujua mpaka upime, taa kwa taa.

Wanunuzi wengi hutazama wingi wa mwanga tu. H7 hutoa lumeni 1,500 hivi, na balbu ya zenoni ya wati 35 huweza kufika 3,200. Lakini zenoni ikitiwa ndani ya taa ya halojeni, mara nyingi hung'arisha lami ya karibu kupita kiasi. Macho huizoea, na kuona mbali kunapungua huku dereva akiamini anaona vizuri. Uingereza, gari la kuanzia Aprili 1986 lililogeuzwa hivyo huangushwa kwenye ukaguzi. Marekani nayo, chini ya kanuni yake ya usalama wa magari namba 108, haiutambui ugeuzaji huo.

Utaratibu wa Wajerumani una karaha zake. Dereva hutakiwa kutembea na karatasi ya kibali, nacho ni cha barabara za Ujerumani. Nchi nyingine huamua zenyewe.

Asiyekuwemo kwenye orodha anaweza kubadili taa nzima kwa taa ya LED iliyoidhinishwa kwa gari lake, ingawa bei yake ni kubwa. Kabla ya hapo afunge H7 mpya pande zote mbili, kisha apeleke gari karakana taa zikapimwe mwelekeo. Kila Oktoba karakana nyingi za Ujerumani huifanya kazi hiyo bila malipo.