Bajaji Iliyogoma

Kaeni vizuri, wanangu, niwasimulie habari ya bajaji ya umeme iliyogoma kwenda ilhali betri yake imejaa na mota wake mzima. Watu wa hadithi hii nimewatunga mwenyewe, lakini ubovu ni wa kweli, na ukimuuliza fundi mzoefu wa vyombo vya magurudumu matatu atakwambia ameshakutana nao.

Ilikuwa Tanga, mwezi wa Aprili, mvua ya usiku ndiyo kwanza imekatika. Dereva kijana aliisukuma bajaji yake hadi kwa fundi mmoja mzee, jasho likimtiririka. Mjukuu wa fundi, binti wa darasa la sita, naye alikuwepo, maana shule zilikuwa zimefungwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Imekufanya nini?"

"Haiendi. Betri nimezichaji usiku kucha. Nikiwasha, dashibodi inawaka vizuri, lakini nikizungusha eksileta, kimya. Mwenzangu kijiweni kasema kontrola imeungua, nikanunue nyingine."

Kontrola ni kile kisanduku cha alumini kilichojificha chini ya kiti. Kinapokea umeme wa betri na kuupimia mota: ukizungusha eksileta kidogo kinatoa kidogo, ukizungusha sana kinatoa sana. Ni kitu cha bei, na kununua kitu cha bei kwa kubahatisha ni kutupa nauli za siku nyingi. Mzee hakusema neno juu ya kontrola. Aliuliza tu, "Jana ilikuwaje?"

"Jana jioni ilianza kukatakata. Inakwenda, inakata. Nikiruka tuta, inakwenda tena."

Mimi nawapenda mafundi wanaouliza kabla hawajashika spana. Chombo kinachokatakata na kurudi kwa mtikisiko wa tuta mara nyingi hakijaungua kitu. Kuna kitu kimelegea, au kinagusana pasipofaa.

Mzee alianza na betri. Zilikuwa 4, kila moja ya volti 12, zimeungwa kwa kufuatana, kwa hiyo kwa jina ni volti 48. Mita ikasoma 50.8. Msishangae: betri ya volti 12 ikijaa na kutulia husoma kama 12.7, nanyi zidisheni mara 4 muone. Betri zikatoka kwenye orodha ya washukiwa. Akatazama swichi ya kwenda mbele na kurudi nyuma, ikawa iko mahali pake. Akapima eksileta. Humo ndani mna sumaku ndogo na sensa inayoihisi sumaku hiyo bila kuigusa, kwa kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879. Sensa hulishwa volti 5 hivi, na kadiri mkono unavyozungusha ndivyo volti za kwenye waya wa ishara zinavyopanda, kutoka karibu 1 hadi karibu 4. Zilipanda na kushuka bila kuruka. Eksileta nayo nzima.

"Si nilikwambia, mzee? Kontrola hiyo."

Ndipo yule binti, aliyekuwa amesimama nyuma ya bajaji, akasema, "Babu, mbona taa nyekundu ya huku inawaka? Nani kakanyaga breki?"

Hakuna aliyekuwa amekanyaga.

Hapo, wanangu, ndipo penye utamu wa hadithi hii. Kwenye bajaji ya umeme, kanyagio la breki lina kazi mbili. Ya kwanza ni ile mnayoijua: mguu unasukuma mafuta ya breki kwenye mabomba, na mafuta yanazibana breki kwenye magurudumu. Ya pili ni kutoa habari. Karibu na kanyagio kuna swichi ndogo, ndiyo sensa ya breki, yenye waya unaokwenda kwenye taa ya nyuma na mwingine unaokwenda kwenye kontrola. Habari yenyewe ni moja tu: dereva anasimama. Taa ikiipata inawaka ili wa nyuma wajue. Kontrola ikiipata inaunyima mota umeme papo hapo, kwa sababu haifai magurudumu yabanwe huku mota unayasukuma. Breki zitapata moto, na chombo hakitasimama pale dereva alipotaka. Sasa kama swichi inasema "tunasimama" asubuhi hadi jioni, kontrola itatii asubuhi hadi jioni. Zungusha eksileta mpaka mkono uchoke, haitakwenda.

Mzee aliweka vizuizi kwenye gurudumu la mbele, akainua magurudumu ya nyuma kwa jeki mpaka yakaelea. Hili mlishike sana: mota wa umeme hauna mlio wa kukuonya, na bajaji ikiwa chini inaweza kumrukia mtu ghafla. Kisha akachomoa soketi ya swichi ya breki. Taa nyekundu ikazimika. Akamwashiria dereva azungushe eksileta taratibu, na magurudumu ya nyuma yakazunguka.

Dereva akaruka kwa furaha. "Basi mzee, iache hivyohivyo! Niwahi abiria wa asubuhi."

"Hapana, kijana. Nikikuachia hivi, ukikanyaga breki mota haukatiki. Na taa ya nyuma haiwaki. Daladala lililo nyuma yako litajuaje kwamba umesimama? Nimechomoa ili nijue, sasa natengeneza."

Neno lile mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Zipo bajaji barabarani ambazo waya huo umechomolewa na kufungwa kwa utepe wa plastiki, eti zimepona, na ndani yake wanapanda watoto wa shule.

"Basi tununue swichi," akasema dereva. Mzee akazima umeme wote, akaweka mita kwenye mlio na kugusisha ncha zake kwenye miguu miwili ya swichi. Mita ikalia. Akakibonyeza kitufe cha swichi kwa kidole, ikanyamaza. Akakiachia, ikalia tena. Swichi ilikuwa nzima!

Wengi hudhani swichi hii hubonyezwa mguu unapokanyaga. Ni kinyume chake. Kanyagio likiwa limepumzika juu, ndilo linalokibonyeza kitufe, na vipande viwili vya shaba vilivyomo ndani vinaachana. Mguu ukikanyaga, kanyagio linakwenda zake, kitufe kinachomoza kwa nguvu ya springi, shaba zinagusana na umeme unapita. Kwa hiyo swichi nzima isiyobonyezwa na kitu chochote itasema breki imekanyagwa. Swali likabaki: kwa nini kanyagio halikibonyezi?

Binti alikuwa amepiga magoti sakafuni mwa bajaji. Akaokota vijipande vyeusi vya mpira, vikavu, vinavyovunjika vidoleni kama biskuti. Mzee akamulika tochi chini ya kanyagio. Kwenye chuma chake, pale pale kinapokutana na kitufe, palikuwa na tundu tupu. Tundu hilo huzibwa kwa kipira kidogo, na kipira ndicho kinachokisukuma kitufe. Jua na vumbi vilikikausha kikapasuka. Jana kilining'inia nusu, ndiyo maana kila tuta lilikirudisha mahali pake kwa muda. Usiku kikaanguka chote, na kitufe kikawa kinapenya kwenye tundu, hakibonyezwi tena hata kanyagio likipanda hadi juu.

Mzee alipekua kopo lake la vipuri, akapata kipira cha kipimo kile kile, akakisukumiza kwenye tundu mpaka kikashika. Akarudisha soketi na kuwasha umeme. Binti akasimama nyuma na kutoa taarifa: "Imezima. Kanyaga. Imewaka. Achia. Imezima." Wakarudia mara kadhaa, kwa kukanyaga kidogo na kwa kukanyaga sana, kisha jeki ikashushwa.

Si kila mara huwa kipira. Springi ya kurudisha kanyagio ikichoka, au tope likiganda kwenye egemeo lake, kanyagio halipandi hadi juu na taa hubaki inawaka. Maji ya chumvi yakiingia kwenye soketi, shaba huota kutu ya kijani, na hapo ubovu hugeuka: unakanyaga na taa haiwaki. Kabla ya kuilaumu swichi, tazama balbu na fyuzi kwanza. Lakini kanyagio likiwa laini au likizama hadi sakafuni, hilo si jambo la sensa. Ni breki zenyewe, na chombo hicho kisitoke hapo kilipo.

Wala si bajaji tu. Huko Canada hutengenezwa pikipiki ya magurudumu matatu iitwayo Can-Am Spyder, mawili mbele na moja nyuma, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007. Breki za magurudumu yote hukanyagwa kwa kanyagio moja la mguu wa kulia, na kompyuta inafuatilia kinachoendelea. Ikipata habari zisizoeleweka, inawasha onyo kwenye dashibodi. Ni chombo cha gharama, lakini hata kwake fundi anayefuata ubovu wa taa ya breki hukagua yale yale aliyoyakagua mzee wa Tanga: kanyagio, swichi, soketi, waya.

Nanyi mkiwa kituoni nyuma ya bajaji, itazameni ile taa nyekundu dereva anapofunga breki. Isipowaka, au ikiwa inawaka wakati wote, msalimuni kisha mwambieni. Yeye ameketi mbele, haioni.