Kamera Ndogo Badala ya Kubwa: Kinachopungua ni Nini?

Katika misitu ya Usambara ya Mashariki, mkoani Tanga, huota ua dogo la rangi ya zambarau ambalo wataalamu wa mimea walilipa jina la Saintpaulia. Mbegu zake zilifika Ujerumani mwaka 1892, zilipopelekwa na Walter von Saint Paul-Illaire kwa baba yake, na tangu hapo ua hilo limekuwa pambo la madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Kwao lenyewe halipendi jua kali. Hukaa kwenye miamba yenye unyevu, chini ya miti mirefu, mahali ambapo nuru inayofika ardhini mara nyingi ni sehemu moja au mbili tu katika kila sehemu mia za nuru iliyoko juu ya msitu.

Mwalimu wa biolojia anayewapeleka wanafunzi wake huko kila mwaka, na kutaka kuweka kumbukumbu ya picha za mimea waliyoiona, hukabiliwa na mambo mawili yanayovutana. Msitu wataka kamera inayoweza kuona gizani. Njia za mlimani zataka mzigo mwepesi. Chukua mfano wa Canon EOS 5D, kamera iliyotoka mwaka 2005 na ambayo bado yapatikana kwa wauzaji wa vitu vilivyokwisha kutumika. Mwili wake una gramu 810, na lenzi yake ya milimita 24 hadi 105 ina gramu 670. Jumla yakaribia kilo moja na nusu, bado hujahesabu betri, mkoba na stendi ya miguu mitatu. Hapana ajabu basi kwamba kamera ya namna hiyo hupandishwa mlimani safari ya kwanza na ya pili, safari ya tatu ikaachwa kabatini, na daftari la picha likakatikia hapo.

Dawa yaonekana kuwa rahisi: kuiuza kamera kubwa na kununua ndogo ya kutia mfukoni. Lakini juu ya meza ya muuzaji kamera ndogo hufanana sana kwa umbo, rangi na uzito, ilhali ndani yake zatofautiana kama kikombe na pipa. Na shule iliyochanga fedha za kamera moja haina fedha za kununua ya pili endapo ya kwanza italeta picha zilizojaa chengachenga. Yafaa kujua, kabla ya fedha kutoka, ni kitu gani hasa kinachopungua kamera inapofanywa ndogo.

Kamera ya dijitali yenyewe haikuzaliwa ikiwa ndogo. Mwezi Desemba 1975, mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, huko Rochester, Marekani, alikamilisha chombo chenye uzito wa kilo 3.6, kilichopiga picha ya nukta 10,000 tu na kuchukua sekunde 23 kuiandika katika kanda ya kaseti. Filamu ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pamewekwa kibamba cha silikoni kinachohisi nuru, ambacho katika makala haya kitaitwa kihisi. Kihisi cha aina ile kilikuwa kimebuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell, na mwaka 2009 wawili hao wakawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Vihisi vya leo vingi ni vya muundo mwingine, lakini kanuni haikubadilika. Nuru husafiri kwa chembe ziitwazo fotoni. Fotoni ikigonga silikoni huachia elektroni. Elektroni hukusanywa katika vijumba vidogo sana viitwavyo pikseli, kisha huhesabiwa. Picha ya dijitali si kitu kingine ila orodha ndefu ya hesabu hizo.

Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo. Fotoni haziji kwa mpango kama askari wa gwaride. Huja kwa bahati, kama matone ya manyunyu yanayoanguka uani. Ukitandaza visahani vilivyo sawa chini ya manyunyu ya dakika moja, hakuna viwili vitakavyopata matone sawasawa, na kadiri visahani vilivyo vidogo ndivyo tofauti zinavyozidi kuonekana. Wanahisabati wameonyesha kwamba kiasi cha kupishana huko ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Pikseli inayotazamia fotoni 10,000 itapata hesabu inayopishana kwa 100 hivi, yaani sehemu moja katika mia, na jicho halitaona kitu. Pikseli inayotazamia fotoni 100 itapishana kwa 10, yaani sehemu moja katika kumi. Jani ambalo lote lina kijani kimoja litatokea pichani likiwa na madoadoa, moja limekoza, jingine limepauka. Hizo ndizo chengachenga, na hazitokani na ubovu wa kiwanda. Ni tabia ya nuru yenyewe. Dawa yake ya kweli ni kukusanya nuru zaidi.

Nuru hukusanywa na nini? Watu wengi hutazama kihisi kwanza, na hawakosei. Kihisi cha kamera kubwa iliyotajwa kina upana wa karibu milimita 36 na kimo cha milimita 24, eneo la milimita za mraba zipatazo 860, sawa na picha moja ya filamu ya milimita 35. Katika kamera nyingi za mfukoni kihisi ni cha milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, eneo la milimita za mraba 28 tu. Katikati yapo mengine, na mojawapo muhimu ni kile cha milimita 13.2 kwa 8.8, chenye eneo la 116. Wauzaji hukiita kihisi cha inchi moja, na mwanafunzi atakayechukua rula kukipima atashangaa, maana hata kwa mshazari hakizidi milimita 16. Jina hilo ni masalio ya siku za kamera za televisheni, ambazo zilitumia mirija ya kioo, na kipenyo kilichotajwa kilikuwa cha mrija kwa nje, wala si cha sehemu iliyopokea picha. Mirija imekwisha zamani; jina limebaki kuwababaisha wanunuzi.

Lakini kihisi peke yake hakitoshi kuamulia, kwa sababu nuru lazima ipite kwanza katika tundu la lenzi. Kwa bahati njema, kipimo cha tundu hilo kimeandikwa kwenye ukingo wa lenzi, mbele ya macho ya kila mtu, na ni wachache wanaokisoma. Kamera ndogo ya Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012 ikiwa na uzito wa gramu 240, ina tarakimu 1.8–4.9 na 10.4–37.1. Panasonic Lumix TZ70 ya mwaka 2015, ambayo kwa uzito haipishani sana na hiyo, ina 3.3–6.4 na 4.3–129. Jozi ya pili ni urefu wa fokasi kwa milimita, kutoka picha pana hadi picha ya kuvuta vitu vya mbali. Jozi ya kwanza ni vigawanyo: urefu wa fokasi ukigawanywa kwa namba hiyo hupatikana kipenyo cha tundu.

Fanya hesabu. Kwa picha pana, tundu la TZ70 ni 4.3 kugawanya kwa 3.3, yaani milimita 1.3, jembamba kuliko njiti ya kiberiti. La RX100 ni 10.4 kugawanya kwa 1.8, yaani milimita 5.8. Na kwa kuwa nuru hupita kwa kadiri ya eneo, lazima vipenyo vizidishwe kwa vyenyewe: kamera hizi mbili, ambazo mkononi zina uzito karibu sawa, zapishana karibu mara 20 kwa nuru zinayoikusanya kutoka kwenye mandhari ya upana unaokaribiana kwa muda uleule. Kamera kubwa, lenzi yake ikiwekwa kwenye milimita 28 ili upana wa picha ulingane na wa RX100, na kigawanyo chake kikiwa 4, ina tundu la milimita 7. Hivyo kamera ya gramu 240 yapata takriban theluthi mbili ya nuru ya kamera ya kilo moja na nusu. Huo si upungufu wa kulilia.

Mambo hugeuka lenzi inapovutwa. Mahali ambapo kamera kubwa husimama kwenye milimita 100, tundu lake ni milimita 25. RX100, kwa picha ya upana huohuo, ina milimita 7.6. Sasa ndogo yapata sehemu moja tu katika 11. TZ70 nayo ikivutwa hadi mwisho wake hufungua tundu la milimita 20, na humleta ndege wa mbali karibu kuliko hizo mbili. Juani, mbugani au kando ya ziwa, yaweza kuwa ndiyo chaguo la busara. Msituni ni shida.

Wapo watakaouliza: ikiwa kamera yenye tundu dogo hupata nuru kidogo hivyo, mbona picha yake haitoki nyeusi? Jibu ni kwamba kigawanyo ndicho kinachotawala mwangaza juu ya kila milimita ya mraba ya kihisi, na kwa hiyo ndicho kinachoamua muda. Jua la utosini, kwa kiwango cha usikivu cha 100 na kigawanyo cha 4, hutaka muda wa sekunde 1/1600 hivi. Chini ya miti, nuru ikiwa imepungua mara mia, muda huwa 1/16, na mkono wa mtu hutetemeka. Hesabu hiyo ni ileile kwa kihisi kikubwa na kidogo. Ila kihisi kidogo, chenye mwangaza uleule kwa kila milimita, kina milimita chache, na jumla ya fotoni ni ndogo. Kamera hupandisha hesabu zake ili picha iwe angavu, na zikipandishwa, madoadoa hupanda pamoja nazo. Kamera nyingi zina mtambo wa kutuliza mtikisiko wa mkono, nao husaidia kweli, lakini haulitulizi jani linalopeperushwa na upepo.

Ama kuhusu idadi ya pikseli, ambayo matangazo ya biashara yalikuwa yakiipigia ngoma kwa miaka mingi, yatosha kutaja kisa kimoja. Mwaka 2008 Canon ilitoa kamera ndogo ya G10 yenye pikseli milioni 14.7. Mwaka uliofuata ilitoa G11, yenye kihisi cha ukubwa uleule, na pikseli zikapunguzwa hadi milioni 10. Kiwanda kilikuwa kimekubali hadharani kwamba kukata keki vipande vingi zaidi hakuongezi keki. Ipo na sababu ya pili. Nuru ikipita katika tundu hutawanyika kidogo, na nukta moja ya nuru hugeuka kuwa kiduara. Kwa kigawanyo cha 6.4 kiduara hicho kina upana wa milimita 0.0086, ilhali pikseli ya TZ70 ina milimita 0.0015 hivi. Nukta moja imeenea juu ya pikseli zaidi ya tano kwa upana. Kuzigawanya tena pikseli hizo kungekuwa bure.

Udogo una faida zake pia. Tundu dogo huacha sehemu kubwa zaidi ya kitu ikae sawasawa kwa ukali, mbele na nyuma, na kwa ua la sentimita mbili au tatu hilo ni jambo kubwa: petali na jani la nyuma yake huonekana pamoja. RX100 huweza kukaribia hadi sentimita 5 ikiwa kwenye picha pana. Kwa upande mwingine, haina kidirisha cha kuchungulia, na kioo chake cha nyuma husomeka kwa taabu juani. Betri yake imepimwa kwa picha 330 hivi, basi ya pili ni lazima kwa safari ya siku mbili.

Mnunuzi wa leo aelewe pia kwamba soko limegeuka. Takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani zaonyesha kuwa mwaka 2010 zilipelekwa sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 100. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu imechukua nafasi ya kamera ndogo za bei nafuu, na kwa kupiga picha kadhaa kwa haraka na kuzijumlisha kuwa moja yajipatia nuru ambayo tundu lake lisingeipata kwa mara moja. Mwenye simu nzuri ya karibuni hana sababu ya kununua kamera yenye tundu la milimita 1.3 kwa ajili ya picha pana. Na kamera ndogo iliyo bora, mara nyingi, itapatikana ikiwa imekwisha kutumika. Hapo macho yawe makali. Lenzi inayotoka na kurudi ndani huvuta vumbi, na vumbi likishafika kwenye kihisi haliondoki bila kuifungua kamera: piga picha ya karatasi nyeupe, tundu likiwa limebanwa kabisa, kisha tafuta madoa. Toa lenzi na kuirudisha mara kadhaa ukisikiliza kama inakwaruza. Uliza kama betri ya aina hiyo bado yauzwa mjini. Mwisho ipige picha kona ya duka iliyo na giza, bila flashi, na uikuze picha kiooni.

Kwa safari ya Usambara, mwalimu aliyefanya hesabu hizi atachukua kamera yenye kihisi cha milimita 13.2 na kigawanyo cha 1.8, ataacha kuvuta lenzi, na atalisogelea ua kwa miguu yake. Ile kubwa yafaa asiiuze upesi. Jioni, ukumbini, mwanafunzi anapopokea cheti jukwaani na mpiga picha yuko safu ya nyuma, lile tundu la milimita 25 bado lina kazi.