Maboga yasituozee nyumbani

Kila mwaka mwezi wa nne na wa tano maboga yanajaa kila mahali. Pale soko ya Kenya bei inaanguka, na mama mwenye kuleta mengi anarudi na franka kidogo. Kufika mwezi wa kumi na moja, wakati bunga imepanda bei na mahindi ya shamba yangali machanga, hakuna boga hata moja nyumbani. Yalienda wapi? Mengi yalioza.

Sisi wenyewe tulikosea. Mwaka mmoja tulishauri koperative moja ipange maboga nje, chini ya paa bila kuta, ili yapate hewa. Mwezi wa sita yalikuwa mazuri. Mwezi wa nane yalitoa madoa laini, kisha yakaoza. Kosa halikuwa hewa, ilikuwa baridi. Boga haliwezi kuvumilia muda mrefu baridi ya chini ya digri 10, na hapa Lubumbashi usiku wa mwezi wa sita na wa saba unashuka chini ya hapo. Linaumia polepole, na uozo unaonekana nyuma, wakati ile baridi tumeshaisahau.

Sasa tunafanya hivi:

1. Kukata. Tungoje likomae: kikonyo kimekauka, ngozi ni ngumu, ukucha hauingii. Tukate na kisu, tuache kikonyo cha urefu wa vidole vinne. Tusilibebe kwa kikonyo. Kikitoka, uozo unapitia pale.

2. Kuchagua. Lenye jeraha, lenye tundu la mdudu na lile halijakomaa, hayo tule kwanza.

3. Kukausha ngozi. Siku 10 hivi kwenye jua, juu ya nyasi kavu, huku tunayageuza. Jioni tuyaingize ndani, sababu ya umande. Tusiyaoshe na maji.

4. Kuweka. Chumba kikavu, juu ya kichanja chenye nyasi kavu, mstari mmoja, yasigusane. Si chini kwenye sima, si ndani ya mfuko, si karibu na ndizi zinazoiva. Usiku wa baridi tufunge dirisha na tuyafunike na mifuko mitupu; asubuhi jua likipanda, tufungue na tufunue.

5. Kuangalia kila juma. Moja likioza linaharibu jirani yake, basi litoke siku ile ile.

Maboga yakitunzwa hivi yanaweza kukaa miezi mitatu mpaka sita, kufuatana na aina. Yote hayatafika, na hiyo isituvunje moyo. Lile litakalofika mwezi wa kumi na moja likiwa zima, tulipike na bukari, lakini mbegu zake tusizikaange zote. Tuzioshe, tuzikaushe kivulini, tuzipande. Boga lenye kudumu ndilo la kuzaa mengine.