Kicheche Karibu na Nyumba

Wasomaji wetu wamjua kicheche, mnyama mdogo mweusi mwenye milia myeupe mgongoni, atembeaye usiku. Atishwapo hurusha majimaji yenye uvundo kutoka chini ya mkia. Hatupendi auawe ovyo, kwani hula panya na wadudu. Bali mabanda ya kuku yafungwe vyema na takataka zifukiwe.

Hatari kubwa si uvundo, ni meno: naye aweza kushikwa na kichaa cha mbwa. Aonekanaye mchana, asiyeogopa watu, watoto wasimguse. Amwumapo mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha aende hospitali akachomwe sindano. Tusingojee dalili, zikisha kutokea, ni nadra mno mtu kupona.