Bombo na Anga la Usiku: Faida ya Mlima Mgongoni

Anayezisaka nuru za kaskazini karibu na jiji, tuseme huko Scotland, hutafuta mahali ambapo taa za jiji zimebaki mgongoni na upeo wa kaskazini uko wazi mbele yake. Nuru hizo hatuzitarajii Upare. Huwaka karibu na ncha za Dunia, ambako usumaku wa sayari yetu huelekeza chembe zinazotoka kwenye Jua, nasi tuko takribani nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta. Hata hivyo, kanuni ya kuchagua mahali haibadiliki, na kwa kanuni hiyo Bombo, upande wa mashariki wa Milima ya Pare Kusini, inaushinda mji wa Same, na hata kilele cha Shengena.

Same iko magharibi mwa milima hiyo, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Moshi. Mwangaza wa mji angani hufifia haraka kadiri unavyosogea mbali nao: umbali ukiongezeka maradufu, hubaki kama sehemu moja tu ya sita. Bombo, katika ukanda wa Gonja, ina kinga ya pili, kwani milima yenyewe huzikinga taa za barabara kuu. Mbele yake, mashariki, kuna nyika ya Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, isiyo na mji. Juni hadi Agosti, giza linapoingia, makundi ya nyota ya Nge na Mshale, palipo na kitovu cha Njia Nyeupe, huwa tayari yamechomoza kusini mashariki. Na kwenye saa kumi na nusu alfajiri, mwezi usipokuwepo, huonekana nuru hafifu iliyosimama kama nguzo, pana chini na nyembamba juu. Waislamu huiita alfajiri ya uongo, kwa kuwa ile ya kweli hutanda kwa upana kwenye upeo. Hiyo ya uongo ni vumbi lililotapakaa kati ya sayari, likiakisi mwanga wa Jua. Karibu na Ikweta husimama wima na kuupita ukungu wa upeoni. Ulaya mara nyingi huinama na kumezwa nao.

Wapo watakaosema Shengena, yenye mita 2,462, ina hewa nyepesi zaidi. Ni kweli, lakini msitu wa Chome huziba upeo na mawingu hukaa sana juu ya kilele. Hoja nzito zaidi ni kwamba miteremko ya mashariki hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi, na Bombo haisalimiki. Dawa yake ni kuchagua wakati: kiangazi, katika siku za mwezi mwandamo. Kwamba mlima unaziba magharibi si hasara kubwa, maana kila nyota inayotua huko ilichomoza kwanza mashariki.

Iliyobaki ni hoja ya maendeleo: zahanati, shule na maduka vinahitaji taa. Vinazihitaji kweli, na hakuna anayepaswa kuombwa akae gizani. Lakini mwanga unaokwenda juu haumsaidii mpita njia, na aliyeulipia amepoteza fedha. Taa yenye kifuniko, inayomulika chini na yenye rangi ya manjano badala ya nyeupe kali, hutosha kwa usalama na huliacha anga lilivyo. Viongozi wa kata na wafungaji wa umeme waanze na taa hizo sasa, nguzo zikiwa bado chache.